Kitafundishwa na Nani? Mwalimu Mkuu, Mpango wa Lugha na Pengo katika Maandalizi ya Viongozi wa Shule Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Kwa zaidi ya miongo mitatu, nyaraka za sera nchini Uganda zimekuwa zikiagiza Kiswahili kifundishwe shuleni, na kwa muda huohuo wataalamu tumekuwa tukieleza kutotekelezwa kwa maagizo hayo kwa sababu zilezile: walimu hawatoshi, vitabu ni haba, wazazi hawana hamu. Makala haya yanahakiki maagizo hayo kwa kuuliza swali la kisarufi lenye uzito wa kisera: ni nani mtendaji wa kitenzi “kitafundishwa”? Kwa kutumia mazingira ya Mafubira katika Jiji la Jinja na ya Mbale, makala yanadai kwamba mtendaji aliyeachwa nje ni mwalimu mkuu, na kwamba mafunzo yanayomwandaa mwalimu huyo kwa kazi ya uongozi huichukulia lugha kuwa chombo cha mawasiliano tu, wala si jambo la kupangwa, kugharimiwa na kusimamiwa. Inapendekezwa kwamba mpango wa lugha wa shule uwe sehemu ya lazima ya maandalizi ya viongozi wa shule, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili vyuoni waandaliwe pia kwa nafasi za uongozi.

Maneno muhimu: mwalimu mkuu, uongozi wa shule, sera ya lugha, Kiswahili, Uganda

1.0 Utangulizi

Katika makongamano yetu ya Kiswahili, mada ya Uganda imepata sura inayojirudia. Mwasilishaji hueleza historia ya upinzani dhidi ya lugha hii, hutaja vifungu vya sheria vinavyoitambua, huorodhesha vikwazo vya ufundishaji, kisha humalizia kwa kuitaka serikali ionyeshe nia ya kisiasa. Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa waliowahi kuwasilisha kwa utaratibu huo. Yaliyosemwa hayakuwa ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yalisimama mbali mno na mahali ambapo jambo lenyewe huamuliwa.

Nia ya kisiasa, hata inapopatikana, haiingii darasani kwa miguu yake. Lazima ipite katika ofisi ya mtu mmoja anayepanga ratiba, anayegawa vipindi, anayeomba walimu, anayepitisha matumizi ya fedha na anayekaa na wazazi mwishoni mwa muhula. Mtu huyo ni mwalimu mkuu. Akiliona agizo la lugha kuwa kazi yake, atatafuta njia hata penye uhaba. Akiliona kuwa mzigo wa mtu mwingine, litabaki katika jalada la nyaraka, na hakuna mtu atakayeweza kusema kwamba amelivunja.

Kabla ya kuendelea, yafaa kutenganisha dhana tatu ambazo maandishi yetu huzichanganya. Utawala, katika makala haya, ni kutekeleza kanuni na kutunza kumbukumbu: mahudhurio, leja, taarifa kwa ofisi ya elimu. Usimamizi ni kuhakikisha kwamba watu, muda na fedha vinatumika kwa kazi iliyokusudiwa. Uongozi ni kuamua shule ielekee wapi na kuwashawishi wengine waelekee huko. Suala la lugha linagusa yote matatu, lakini kwa kiasi kikubwa ni suala la uongozi, kwa kuwa linahusu uchaguzi ambao waraka hauwezi kuumaliza.

2.0 Maagizo yasiyo na mtendaji

Historia ya Kiswahili nchini Uganda ni historia ya maagizo kutoka juu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa himaya. Upinzani wa Buganda ulikuwa mkali, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliuandikia waraka. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Waraka Rasmi wa Serikali wa mwaka 1992, uliofuata kazi ya tume iliyoongozwa na William Senteza Kajubi, ulikipa Kiswahili nafasi katika mfumo wa elimu, na pia ulizitambua lugha za kienyeji kuwa lugha za kufundishia katika madarasa ya mwanzo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Hatimaye, mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili na kupendekeza kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari.

Ukiyasoma maagizo haya kwa mfululizo, jambo moja linajitokeza. Kiini chake, kikielezwa kwa Kiswahili, hukaa vizuri zaidi katika kauli ya kutendwa: Kiswahili kitafundishwa, kitatahiniwa, kitatumiwa. Kauli ya kutendwa ina manufaa yake. Humwezesha msemaji kuelekeza macho kwenye tendo. Lakini pia humruhusu kumwacha mtendaji. Sarufi ya Kiswahili inatupa kiunganishi chepesi cha kumrudisha, yaani “na”: kitafundishwa na nani? Mtu anayejibu “na walimu” amejibu nusu tu. Mwalimu hafundishi somo ambalo halimo katika ratiba, wala hajipangii ratiba.

Ushahidi wa wazi zaidi umo katika tangazo la mwaka 2022 lenyewe. Pamoja na pendekezo la ufundishaji wa lazima, lilitaja programu za mafunzo kwa Bunge, Baraza la Mawaziri na vyombo vya habari. Makundi hayo yana umuhimu wake. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake linalopanga vipindi vya shule. Waliopewa kipaumbele cha kujifunza ni wale watakaoitumia lugha mbele ya umma. Wale watakaoamua kama mtoto wa Mafubira ataisoma au hataisoma hawakutajwa.

3.0 Lugha mezani pa mwalimu mkuu: Mafubira na Mbale

Mafubira ilikuwa kata ndogo ya Wilaya ya Jinja hadi tarehe 1 Julai 2020, Jinja na Mbale zilipopandishwa hadhi kuwa majiji pamoja na miji mingine mitano. Sasa imo katika Divisheni ya Kaskazini ya Jiji la Jinja. Ni eneo lenye sura mbili. Upande mmoja kuna mashamba na familia za Wasoga zilizokaa hapo kwa vizazi. Upande mwingine kuna nyumba za kupanga zinazojaa watu wanaofanya kazi mjini, kwenye viwanda na katika mashamba ya miwa ya Kakira yaliyo jirani. Wafanyakazi wa miwa na viwanda waliletwa na ajira kutoka pande nyingi za nchi, na hata ng’ambo ya mpaka. Darasani, kwa hiyo, mwalimu hukutana na Kisoga, Kiganda, lugha za kaskazini na Kiswahili cha mtaani kabla hajafungua kitabu cha Kiingereza.

Mtaala wa kidhamira, ulioanza kutumika mwaka 2007, unataka lugha ya eneo itumike kufundishia kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, na darasa la nne liwe la mpito kwenda Kiingereza. Pale ambapo hakuna lugha moja inayotawala, shule huruhusiwa kutumia Kiingereza na kuifundisha lugha ya eneo kama somo. Ruhusa hii ni ya busara, lakini inaacha swali gumu mikononi mwa shule: ni nani anayeamua kwamba hakuna lugha inayotawala, na kwa kipimo gani? Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Mafubira anaweza kusema kwamba eneo lake ni la Kisoga, na akawa sahihi. Mwenzake aliye umbali mfupi kuelekea mjini anaweza kusema kwamba eneo lake ni la mchanganyiko, naye akawa sahihi. Shule ya tatu, ya binafsi, itafundisha Kiingereza tangu chekechea kwa sababu ndicho kinachowavuta wazazi. Maamuzi yote matatu ni ya sera ya lugha. Yanafanywa na watu ambao kwa kawaida hawajawahi kukaa hata saa moja katika mafunzo yao ya uongozi wakijadili namna ya kuyafanya.

Mbale ina ugumu wa aina nyingine. Kimasaba si lugha ya umbo moja. Lahaja zake hutofautiana kutoka upande mmoja wa Mlima Elgon hadi mwingine, na jijini kwenyewe huchanganyika na Kiteso, Kigwere na Kiganda. Mpaka wa Kenya uko karibu, na ng’ambo yake wako Wabukusu, ambao wana udugu wa lugha na mila na Wamasaba. Kiswahili hapa ni lugha ya soko, ya gari la abiria na ya biashara ya mpakani. Mtu angetarajia kwamba hali hiyo ingerahisisha ufundishaji wake. Lakini lugha inayopatikana bure sokoni inaweza kuonekana haina haja ya kulipiwa darasani. Mzazi anayemwambia mwalimu mkuu kwamba mwanawe “atakiokota njiani” hakipingi Kiswahili. Anapinga matumizi ya muda wa shule. Hoja yake inahitaji jibu, na jibu hilo halimo katika waraka wowote.

Jinja nayo ina kumbukumbu yake. Ni mji wa kambi ya jeshi tangu zama za ukoloni, na Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la mfalme kabla ya kuwa lugha ya jeshi la nchi huru. Kwa wazee walioishi miaka ya 1970, lugha hii ilisikika kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Tumezoea kuiita hali hii “mtazamo hasi” na kupendekeza “uhamasishaji”. Lakini mtazamo hasi wa mtu aliyeamrishwa alale chini kwa lugha fulani si ujinga wa kuondolewa kwa bango. Ni kumbukumbu. Anayekutana nayo ana kwa ana ni mwalimu mkuu katika kikao cha wazazi, na namna atakavyoipokea ndiyo itakayoamua kama wazazi hao watanunua kitabu cha Kiswahili au la.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni ili kuona uzito wa jambo hili. Ni mwezi Januari, kabla ya muhula kufunguliwa, katika shule moja ya sekondari ya Mafubira. Mwalimu mkuu anajua kwamba Kiswahili ni cha lazima kwa vidato viwili vya kwanza. Hana mwalimu wa Kiswahili katika orodha ya wanaolipwa na serikali. Anazo njia tatu. Anaweza kumwajiri mwalimu kwa fedha za shule, jambo ambalo kamati ya fedha itahoji. Anaweza kumpa vipindi hivyo mwalimu wa somo jingine aliyekulia mpakani na anayezungumza Kiswahili bila kusomea kukifundisha. Anaweza kuviandika vipindi katika ratiba inayopelekwa ofisi ya elimu, kisha kuviacha vitumike kwa hisabati. Njia ya kwanza ni ghali, ya pili ni ya wasiwasi, ya tatu ni rahisi. Asipokuwa ameandaliwa kuipima kila njia, kutafuta ya nne, kwa mfano kumgawana mwalimu mmoja na shule jirani, na kuitetea mbele ya bodi, itakuwa ajabu asipochagua iliyo rahisi.

Hatupaswi kumlaumu haraka. Kipimo anachopimwa nacho hakijabadilika. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi umeendelea kuwa na karatasi nne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Magazeti hutangaza shule zilizotoa wanafunzi wengi wa daraja la kwanza, na jina la mwalimu mkuu hupanda au kushuka kwa orodha hiyo. Katika sekondari, Kiswahili kinageuka kuwa somo la hiari kuanzia kidato cha tatu. Mwalimu mkuu anayehamisha vipindi vya Kiswahili kwenda kwenye masomo yanayopimwa anatenda kwa akili timamu ndani ya mfumo usiomtuza kwa kutenda vinginevyo.

4.0 Mafunzo ya uongozi yanavyoitazama lugha

Uganda haijakosa juhudi za kuwaandaa viongozi wa shule. Kuanzia mwaka 1993, mfumo wa kuendeleza na kusimamia walimu ulivipa vyuo teule vya ualimu wa msingi, mathalani Nyondo huko Mbale, jukumu la kuzihudumia shule za eneo zima kupitia wakufunzi waratibu, na mafunzo ya usimamizi kwa walimu wakuu yalikuwa sehemu ya mfumo huo. Vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo vina programu za uzamili na stashahada za uzamili katika menejimenti na mipango ya elimu. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeinua kiwango cha elimu kinachotakiwa kwa kila mwalimu hadi shahada, na imezaa taasisi ya kitaifa ya elimu ya ualimu, ambayo ina kituo Kaliro, Busoga.

Hata hivyo, ngazi ya kupanda bado ni ileile. Mwalimu mzuri wa darasani hufanywa mkuu wa idara, kisha naibu, kisha mwalimu mkuu; na mengi ya kazi yake mpya hujifunza akiwa tayari ameketi kwenye kiti. Tatizo hili si la Uganda pekee. Ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani ya mwaka 2024/5, iliyohusu uongozi katika elimu, ilionyesha kwamba hata katika nchi tajiri walimu wakuu wengi huingia ofisini bila maandalizi ya awali.

Kasoro inayotuhusu hapa ni mahususi zaidi. Kozi za menejimenti ya elimu kwa kawaida hugawanywa katika maeneo yanayofahamika: mipango, fedha, rasilimaliwatu, sheria ya elimu, usimamizi wa mtaala, uhusiano na jamii. Lugha inapotajwa, huingia chini ya kichwa cha “mawasiliano”: namna ya kuandika barua, kuendesha kikao, kutoa taarifa. Hapo lugha ni mrija tu wa kupitishia ujumbe. Haiulizwi ni lugha gani, ya nani, wala inamwacha nani nje.

Athari ya mtazamo huu inaonekana katika kikao chenyewe. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, shule ya msingi husimamiwa na kamati yenye wawakilishi wa wazazi na wa taasisi iliyoianzisha shule. Kozi ya uongozi humfundisha mwalimu mkuu kuandaa ajenda na kuandika kumbukumbu. Haimfundishi afanye nini pale ajenda inapokuwa kwa Kiingereza, mjadala kwa Kisoga, na mjumbe mmoja mfanyakazi wa kiwandani anafuata kwa Kiswahili tu. Kumbukumbu za kikao hicho zitakuwa safi, na mzazi aliyekaa kimya saa mbili ataandikwa kuwa ameafiki.

Vivyo hivyo kwa usimamizi wa ufundishaji. Mwalimu mkuu hutarajiwa kukagua maandalio ya masomo na kuketi darasani kuangalia. Je, asiyejua Kiswahili atakaguaje somo la Kiswahili? Jibu si kwamba kila mwalimu mkuu ajifunze Kiswahili kwanza. Mwalimu mkuu wa historia hukagua fizikia bila kuwa mwanafizikia, kwa kuwa amefundishwa mambo ya kuangalia: wanafunzi wangapi wanashiriki, muda unatumikaje, kazi inasahihishwa vipi. Kwa somo la lugha kuna mambo kama hayo: wanafunzi wanazungumza kwa dakika ngapi, wanasoma matini nzima au wananakili msamiati ubaoni, mwalimu anatumia lugha gani kueleza lugha. Haya yanafundishika kwa siku chache, mradi mtu ameona kwamba yanahitajika.

5.0 Mafunzo kutoka kwa majirani

Tanzania ina Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), wenye makao Bagamoyo, ulioanzia katika taasisi ya MANTEP ya miaka ya 1970 na kupata hadhi ya wakala mwaka 2001. Kenya ina Taasisi ya Usimamizi wa Elimu (KEMI), iliyotokana na taasisi ya watumishi wa elimu iliyoanzishwa mwaka 1981. Nchi hizo mbili zimekubali, kwa kujenga vyombo vya kudumu, kwamba uongozi wa shule ni taaluma ya kusomewa.

Kwa mtafiti wa lugha, Tanzania ina funzo jingine. Utawala wa shule za msingi huko umeendeshwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na umezalisha lugha kamili ya kazi: kamati ya shule, mpango wa jumla wa maendeleo ya shule, ruzuku ya uendeshaji, azimio la kazi, andalio la somo, mwalimu wa zamu, mwalimu wa taaluma, mthibiti ubora wa shule. Istilahi hizi hazikubuniwa katika warsha ya siku tatu. Zimekomazwa na nyaraka, leja na vikao. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba menejimenti ya elimu hajaingia katika ofisi ya mwalimu mkuu wa Morogoro au Tanga. Wakati huohuo, tusiidanganye nafsi: istilahi hizo si zote zinazoeleweka Mbale. Mtanzania hutofautisha mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mkuu wa shule ya sekondari. Mganda na Mkenya hutumia “mwalimu mkuu” kwa wote. Tofauti kama hizi ni kazi halali ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Funzo la Kenya linahusu mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Kuanzia hapo mwalimu mkuu wa Kenya hakuhitaji kuhamasishwa, alihitaji mwalimu. Yapo waliosema, na kwa haki, kwamba mtihani ulikifanya Kiswahili kiwe somo la kupita badala ya lugha ya kuishi. Lakini uzoefu huo unathibitisha kiini cha hoja yetu: sera ya lugha ilishika mizizi pale ilipoingia katika hesabu za anayeendesha shule.

6.0 Lawama yetu wenyewe

Itakuwa rahisi kuielekeza tahakiki hii yote kwa wizara na idara za elimu. Sehemu kubwa yake inatuhusu sisi wanataaluma wa Kiswahili.

Kwanza, tumewaandaa wanafunzi wetu kwa kazi chache mno. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili na elimu huambiwa kwamba atakuwa mwalimu, au mfasiri, au mtangazaji. Ni nadra kuambiwa kwamba baada ya miaka kumi au kumi na mitano anaweza kuwa mwalimu mkuu au afisa elimu, na kwamba huko ndiko atakakoisaidia lugha yake zaidi. Tunamfundisha fonolojia na nadharia za fasihi, nasi tunafanya vyema. Lakini tunamwacha aende shuleni bila kujua bajeti ya idara inaombwa vipi. Matokeo yake, somo la Kiswahili hupata mtetezi katika chumba cha walimu, asiwepo wa kulitetea katika chumba cha bodi.

Pili, tumeidai nafasi ya Kiswahili bila kumwambia mwalimu mkuu nafasi hiyo itoke wapi. Wiki ya shule haina mpira wa kuvutika. Kila kipindi kinachoongezwa kwa Kiswahili kimetoka mahali. Kule Busoga, wapo wanaohofia kwamba kitatoka kwa Kisoga, lugha ambayo ilikaa muda mrefu chini ya kivuli cha Kiganda shuleni na kanisani, na ambayo sasa ndiyo kwanza imeanza kupata vitabu na walimu wake. Hofu hiyo ina msingi. Mtaalamu wa Kiswahili anayeipuuza anarudia kosa la maagizo ya kale, yaliyokuja na lugha mkononi bila kuuliza ni lugha gani iliyokwishaketi hapo. Kiongozi wa shule ya Mafubira anahitaji kusaidiwa kuzipanga lugha tatu kwa hatua: Kisoga kama msingi wa kusoma na kuandika, Kiingereza kama lugha ya kufundishia baadaye, Kiswahili kama lugha ya jumuiya pana. Hahitaji kusukumwa aitupe moja ili aipokee nyingine.

Inaweza kupingwa kwamba mwalimu mkuu amekwishalemewa. Ana madarasa yaliyojaa tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, ana uhaba wa vyoo na nyumba za walimu, na sasa tunamwongezea mpango wa lugha. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linadhani kwamba maamuzi ya lugha ni kazi mpya. Si kazi mpya. Anayafanya kila muhula, kwa kufuata mazoea na kwa kubahatisha. Maandalizi hayatamwongezea uamuzi. Yatampa namna ya kuufanya. Wengine watasema tusubiri walimu wa Kiswahili wapatikane kwanza. Lakini mwalimu aliyehitimu, akipelekwa katika shule ambayo kiongozi wake hajui amtumieje, atapewa vipindi vya somo jingine, na takwimu zitaendelea kusema kwamba walimu wa Kiswahili hawatoshi.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, programu za stashahada na uzamili katika menejimenti ya elimu ziwe na somo la lazima kuhusu mpango wa lugha wa shule. Zao lake lisiwe insha. Kila mwanafunzi aende katika shule moja halisi, ahesabu lugha za nyumbani za wanafunzi wa darasa la kwanza, achunguze lugha ya vikao na ya matangazo, aangalie vipindi vinavyofundishwa kweli dhidi ya vilivyo kwenye ratiba, kisha aandike mpango wa mwaka mmoja wenye gharama zake. Shule za Mafubira na Mbale, kwa wingi wa lugha zake, zinafaa sana kwa mazoezi hayo.

Pili, shahada za Kiswahili na elimu ziwe na kozi ya uongozi wa shule, na mafunzo ya ualimu kwa vitendo yajumuishe angalau wiki moja ya kukaa na uongozi wa shule: kuona ratiba ikipangwa, bajeti ikijadiliwa, mzazi akisikilizwa.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na ADEM, KEMI na vyuo vya Uganda, iandae faharasa ya istilahi za uongozi na utawala wa shule. Faharasa hiyo ianzie katika lugha inayotumika tayari maofisini, ionyeshe tofauti za nchi na nchi, na iwe nyepesi kiasi cha kukaa juu ya meza.

Nne, waraka wowote ujao kuhusu lugha shuleni uandikwe kwa kauli ya kutenda. Utaje ni nani atapanga vipindi, ni nani atalipa, ni nani atakagua, na mwalimu mkuu atapimwa kwa kitu gani. Kama Kiswahili hakitahiniwi bado mwishoni mwa elimu ya msingi, basi kipimo cha utendaji wa mwalimu mkuu kitambue kwa njia nyingine kazi aliyoifanya.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameuliza Kiswahili kitafundishwa na nani. Yamedai kwamba jibu linaanza kwa mwalimu mkuu, na kwamba maagizo, kozi za uongozi na makongamano yetu vimekutana katika kumsahau. Mafubira na Mbale hazikosi Kiswahili. Kipo sokoni, kiwandani na barabarani. Kinachokosekana ni mtu aliyeandaliwa kukitafutia nafasi shuleni bila kuwanyima watoto Kisoga au Kimasaba, na bila kumpuuza mzee mwenye kumbukumbu mbaya.

Wanafunzi watakaokalia viti hivyo mwaka 2040 wako vyuoni sasa. Baadhi yao wako katika madarasa yetu ya Kiswahili. Tunachowafundisha kuhusu kazi ya uongozi, au tunachoacha kuwafundisha, kitaonekana katika ratiba watakazozipanga.